Sura ya Nne: Mtoto Anayelia Getini

Kila Januari, shule zinapofunguliwa Tanzania na Kenya, swali moja huulizwa kwa namna nyingi: kwa nini mtoto aliyekuwa na hamu ya sare na begi jipya hulia kila asubuhi anapoachwa chekechea, na anayempokea afanye nini? Mzazi huliuliza akihofia kwamba mwanawe anaonewa. Mwalimu huliuliza huku watoto wengine wakimsubiri mkekani. Na nyumbani hakosekani mtu mzima mwenye jibu tayari, kwamba mtoto amedekezwa. Sura hii inawahusu wale wanaopokea, yaani mwalimu, mlezi msaidizi, mpishi wa uji, mlinzi wa geti na mhudumu wa gari la shule, kwa kuwa kila mmoja wao ana sehemu yake katika dakika zile chache ambazo mtoto huona dunia yake ikigawanyika. Hoja yake ni kwamba mtoto hutulia mapema zaidi anapoagwa kwa ukweli na kupokewa na mtu mmoja anayemfahamu, na kwamba mengi yanayofanywa ili anyamaze upesi humzidishia hofu.

Hofu hiyo inatoka wapi

Wataalamu wa makuzi ya watoto huiita hali hii wasiwasi wa kutengana, maana yake ni hofu inayompata mtoto mdogo anapoondokewa na mtu anayemtegemea kuliko wote, awe mama, baba, bibi au dada wa kazi aliyemlea tangu uchanga. Hofu hii huanza kuonekana mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 8, hupamba moto kati ya miezi 10 na 18, na kwa watoto wengi hupungua wanapokaribia miaka 3. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, alieleza sehemu ya chanzo chake alipoonyesha kwamba mtoto mchanga, kitu kikifunikwa mbele ya macho yake, hufanya kana kwamba kimetoweka kabisa, na kwamba ni karibu na miezi 8 ndipo anapoanza kukifunua kitambaa na kukitafuta. Mtoto aliyefika hatua hiyo anatambua kwamba mama aliyetoka mlangoni bado yupo mahali fulani, lakini hajui ni wapi wala atarudi lini, na hapo ndipo hofu inapopata nafasi.

Ikiwa hofu hupungua karibu na miaka 3, msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto wa miaka 4 au 5 naye hulia getini. Jibu ni kwamba hofu hupungua katika mazingira yaliyozoeleka, na huweza kuamka tena mtoto anapowekwa mahali pageni. Mtoto anayebaki kwa shangazi siku nzima bila kinyongo hukutana chekechea na mambo mapya mengi kwa mpigo: watu wazima ambao majina yao hayajui, kelele za watoto wengi ndani ya chumba kimoja, kengele, kikombe kisicho chake, na mara nyingi choo cha shimo ambacho hajawahi kukitumia na ambacho tundu lake humtisha zaidi ya mwalimu mkali. Walimu wengi wamewahi kumbembeleza mtoto kwa siku kadhaa kwa sababu ya mama, kumbe alikuwa amebana haja tangu asubuhi. Zipo pia sababu zinazotoka nyumbani, kama vile kuzaliwa kwa mdogo wake, kuhama nyumba, kuugua, au safari ya baba, ambazo humfanya mtoto ashuku kwamba nyumbani kunatokea mambo asipokuwapo.

Umri nao una uzito wake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliiweka elimu ya awali kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, kwa kipindi kisichopungua mwaka 1, na nchini Kenya watoto huanza miaka miwili ya awali wakiwa na miaka 4, ingawa chekechea nyingi za binafsi hupokea wadogo zaidi. Kwa hiyo mkekani wanaweza kukaa pamoja mtoto wa miaka 3, ambaye neno “mchana” halimwambii kitu, na wa miaka 5 anayeweza kusimulia ratiba ya siku nzima, na ni makosa kutaka wote wawili watulie kwa muda uleule.

Watoto wa Buganda walichofundisha

Sehemu ya maarifa ya leo kuhusu kilio hiki ilianzia Afrika Mashariki, jambo ambalo walimu wa eneo hili hawaambiwi vya kutosha. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada, alifika Kampala pamoja na mumewe, aliyekuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi London na John Bowlby, daktari wa akili ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu madhara ya kuwatenganisha watoto wadogo na wazazi wao. Akiwa Uganda, Ainsworth alizitembelea mara kwa mara familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28, akakaa na akina mama nyumbani kwao kwa saa nyingi, akisaidiwa na mkalimani, huku akiandika nani anambeba mtoto, nani anamnyamazisha, na mtoto anafanya nini mama anapotoka chumbani. Matokeo ya kazi hiyo aliyachapisha kitabuni mwaka 1967.

Alichokiona kinaelezwa kwa neno mwambatano, yaani kifungo cha moyo ambacho mtoto hukifunga polepole na mtu anayemjibu anapomhitaji. Mtoto mwenye kifungo imara hutambaa mbali na mama, akaenda kugusa begi la mgeni, akageuka kuhakikisha mama bado yupo, kisha akaendelea na uchunguzi wake. Mama akitoweka, uchunguzi husimama na kilio huanza. Ainsworth aliona pia kwamba watoto wa akina mama waliokuwa wepesi wa kuzitambua ishara zao, na walioweza kuwaeleza watoto wao kwa undani, walilia kidogo kuliko wengine. Matokeo hayo yanapingana waziwazi na imani kwamba kumjibu mtoto anapolia ni kumdekeza. Aidha aliona kwamba watoto kadhaa, licha ya kushikamana na mama, walishikamana pia na baba, bibi au ndugu wakubwa.

Kwa mfanyakazi wa chekechea, jambo hili la mwisho lina thamani kubwa kuliko yote. Linaonyesha kwamba moyo wa mtoto una nafasi ya zaidi ya mtu mmoja, na kwamba mwalimu anaweza kuingia katika nafasi hiyo bila kumwondoa mama, mradi aifuate njia waliyoifuata bibi na baba: kuwa yuleyule kila siku na kujibu anapoitwa. Inafuata pia kwamba mtoto anayelia akimwona mama anaondoka hajaharibika. Analia kwa sababu anaye mtu wa kumlilia.

Kabla ya siku ya kwanza

Kazi ya kupokea huanza siku kadhaa kabla ya kengele ya kwanza. Nchini Ujerumani upo utaratibu unaojulikana kama mtindo wa Berlin, uliobuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya vituo vya kulelea watoto, na ambao bado unatumika sana. Kwa siku 3 za mwanzo mzazi hukaa na mtoto kituoni kwa muda wa kama saa 1 kisha huondoka naye, bila jaribio lolote la kumwacha. Siku ya 4 mzazi humuaga, akatoka kwa muda usiozidi nusu saa, na mlezi huangalia kama mtoto akilia anaweza kubembelezeka. Akibembelezeka, muda huongezwa siku hadi siku. Asipobembelezeka, mzazi hurudishwa na kipindi cha kuzoea hurefushwa hadi wiki 2 au 3. Utaratibu huo unaonya pia dhidi ya kufanya jaribio la kwanza siku ya Jumatatu, kwa kuwa mwisho wa juma humrudisha mtoto katika mazoea ya nyumbani.

Ni kweli kwamba mama mwenye genge sokoni au baba anayeingia kiwandani alfajiri hana siku tatu za kukaa mkekani. Lakini anayehitajika ni mtu ambaye mtoto anamwamini, na bibi, shangazi au dada wa kazi anaweza kuifanya kazi hiyo. Shule nayo inaweza kuwapokea wanafunzi wapya kwa makundi, watoto watano leo na watano keshokutwa, badala ya thelathini wote asubuhi moja, jambo lisilogharimu shilingi hata moja. Kuna chekechea ambazo mwalimu hupita majumbani wiki moja kabla, hasa pale ambapo yeye mwenyewe ni mkazi wa mtaa huo. Chekechea za madrasa zilizoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said, na baadaye zikaenea Zanzibar na Uganda, zilinufaika na jambo hilihili, kwa kuwa waliofunzwa ualimu walikuwa wanawake wa jamii ileile, na mtoto aliingia darasani akiikuta sura aliyokwisha kuiona dukani au kisimani.

Wakati wa kuandikisha, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, mwalimu aulize mambo machache ambayo fomu nyingi huyasahau:

- Jina analoitwa nyumbani, kwa maana mtoto anayeitwa Chiku na bibi yake huenda asigeuke akiitwa Zuwena.
- Maneno anayotumia kuomba maji na choo, na kama lugha ya nyumbani ni Kisukuma, Kigiriama au nyingine, namna ya kusema “mama atakuja” katika lugha hiyo.
- Kinachomtuliza anapolia: kubebwa, kuachwa kidogo, wimbo, kunywa maji.
- Nani hasa atamleta na nani atamchukua.

Swali la tatu lifuatiliwe kwa ruhusa: mtoto aruhusiwe kuja na kitu cha nyumbani. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alieleza kuanzia mwaka 1951 jinsi blanketi au mdoli mmoja unavyomsaidia mtoto kuvuka kipindi cha kuwa mbali na mama. Afrika Mashariki kitu hicho huwa tayari kipo nyumbani, nacho ni kipande cha kanga ya mama, kisichofuliwa bado, ambacho mtoto hukishika karibu na pua wakati wa kulala mchana. Mwalimu anayekipokonya kwa sababu si sehemu ya sare anajinyima msaidizi wake wa kwanza, na mpishi anayekifua kwa nia njema anaondoa harufu ambayo ndiyo dawa yenyewe.

Dakika chache za getini

Makabidhiano mazuri huchukua dakika mbili au tatu, na mpangilio wake una maana. Mwalimu hutoka hadi mtoto alipo, humsalimu mzazi kwa jina lake, Mama Neema au Baba Otieno, kwa sauti ya utulivu, kwa kuwa mtoto husoma uso wa mzazi wake ili kujua kama mgeni huyu ni wa kuaminika. Kisha huchuchumaa mpaka macho yao yalingane, akamwita mtoto kwa jina la nyumbani. Hapo pana tabia moja inayofaa kuachwa: kumlazimisha mtoto mwenye kwikwi kusema shikamoo kabla ya kupokewa. Heshima ni jambo jema na itafundishwa darasani, lakini koo lililojaa kilio halina nafasi ya salamu, na mtoto anayekaripiwa mbele ya mama yake kwa kutoamkia huanza siku akiwa na aibu juu ya hofu.

Baada ya hapo mzazi ndiye anayeaga, kwa sentensi fupi na ya kweli. “Mama anakwenda kazini, nitakuja kukuchukua ukishamaliza kula wali” ina uzito kuliko “narudi sasa hivi”, kwa sababu mtoto wa miaka 3 hajui saa sita ni nini lakini anaijua ratiba ya tumbo lake. Mwalimu amsaidie mzazi kuipata sentensi hiyo kwa kumweleza mapema siku inavyokwenda: michezo, uji, nyimbo, chakula, kulala. Kisha mtoto apitishwe kutoka mkono wa mzazi hadi mkono wa mwalimu, mzazi akiwa ndiye anayemtoa. Mwalimu anapomvuta mtoto aliyekumbatia shingo ya mama, akimbandua kidole kwa kidole, mtoto hujifunza kwamba mwalimu ni mtu anayenyang'anya. Mama anapomtoa mwenyewe, akisema “nenda kwa mwalimu Rehema”, mtoto huona kwamba mama ameridhia.

Mzazi akishaaga, aondoke. Kurudi mara tatu kufuta machozi, au kujificha dirishani na kuchungulia, humfunza mtoto kwamba akilia kwa nguvu zaidi mlango utafunguka tena. Ni juu ya mwalimu kulisema hili kwa upole, kwa kuwa mzazi anayesitasita getini mara nyingi anatengana kwa uchungu kama mwanawe, na huenda ni mara ya kwanza kumwachia mtu asiye wa ukoo. Ujumbe mfupi wa simu baada ya nusu saa, wenye maneno machache kama “ametulia, anacheza na mchanga”, humpa mzazi nguvu ya kuaga vizuri zaidi kesho yake, mradi uwe wa kweli. Kama bado analia, mzazi aambiwe hivyo pia. Mwalimu pia asiyageuze makabidhiano kuwa nafasi ya kuulizia ada. Mzazi aliyedaiwa mbele ya mtoto huondoka uso umekunjamana, na mtoto hubaki na uso huo mawazoni.

Anachosema mwalimu katika dakika inayofuata ndicho kinachoamua asubuhi yote. Maneno “nyamaza, mbona wenzako hawalii” humwambia mtoto kwamba yuko peke yake na hisia yake. Maneno “unamtaka mama, najua, mama ameenda kazini, atakuja baada ya wali, mimi niko hapa na wewe” humpa mambo matatu kwa pamoja, yaani jina la anachohisi, ukweli kuhusu mama, na mtu wa kushika. Akitaka kubebwa abebwe, na akikataa kuguswa aketi karibu na mwalimu bila kushikwa. Kilio kikianza kupungua, mtoto apewe kazi ndogo ya kweli, kama kugawa vikombe vya uji au kumwagilia mche wa mchicha ulio nyuma ya darasa, kwa sababu mikono yenye kazi humrudisha mtoto mahali alipo. Kazi hiyo isitangulie faraja. Mtoto anayekabidhiwa vikombe huku kifua bado kinapanda na kushuka atavitupa, na hatakuwa amekosea.

*Kwa ufupi: mwalimu humfuata mtoto alipo na kushuka hadi kimo chake, mzazi huaga kwa ukweli na kutaja tukio la siku atakaporudi, mtoto hutolewa na mzazi, havutwi na mwalimu, mzazi huondoka mara moja, mwalimu hutaja hisia kabla ya kutoa kazi.*

Uongo na vitisho

Njia zinazonyamazisha upesi zinajulikana na zinatumika kila mtaa. Mzazi huambiwa atoroke mtoto akiwa ameangalia bembea. Mtoto huambiwa mama amekwenda dukani kumnunulia juisi, au kwamba akiendelea kulia daktari atakuja kumchoma sindano, au kwamba polisi atamchukua. Wapo wanaompa pipi kila anapofungua kinywa kulia, na wapo wanaoiweka fimbo mezani mahali inapoonekana.

Kutoroka ndiko kunakodhuru zaidi, ingawa ndiko kunakoonekana kuwa kwa huruma. Mtoto anapogeuka na kumkosa mama, hajifunzi kwamba mama huenda na kurudi. Anajifunza kwamba mama anaweza kutoweka wakati wowote asipoangaliwa. Kesho yake hatakubali kuangalia bembea, atashika gauni la mama hata nyumbani mama anapokwenda chooni, na usiku ataamka kuhakikisha yupo. Uongo wa duka nao hufika mwisho wake kabla ya saa nne, juisi isipoonekana, na tangu hapo neno la mwalimu hupoteza thamani kwa mambo mengine yote, hata anaposema kweli kwamba mama atakuja. Vitisho vya sindano vina gharama inayoonekana mahali pengine, kwenye zahanati, mtoto anapougua na kumkataa muuguzi. Kuhusu fimbo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko pamoja na mateso ya kisaikolojia shuleni, na hata pale ambapo sheria haijasema wazi, hakuna maelezo yanayoweza kuhalalisha kumchapa mtoto kwa kosa la kumtaka mama yake.

Kejeli nayo ihesabiwe humu. “Mwanamume halii” na “wewe bado mtoto mchanga” husemwa kwa tabasamu, na wenzake wakicheka mwalimu huona kwamba darasa limechangamka, huku mtoto mmoja akiwa amejifunza kulia bila sauti.

Gari la shule

Vitabu vingi vya malezi humchukulia mzazi kuwa ndiye anayemfikisha mtoto mlangoni, lakini katika miji ya Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Arusha watoto wengi hutengana na nyumbani kwenye mlango wa gari la shule, saa kumi na mbili asubuhi au mapema zaidi, wakiwa bado na usingizi, na wengine hupakiwa kwenye bajaji au bodaboda. Watu wa kwanza kumpokea mtoto kwa hiyo ni dereva na mhudumu wa gari, ambao kwa kawaida hawajapewa hata saa moja ya mafunzo kuhusu jambo hili, na ambao wanaharakishwa na foleni.

Shule inayojali itamfanya mhudumu wa gari awe mtu wa kudumu, asiyebadilishwa kila wiki, na itamkutanisha na watoto wapya kabla ya safari ya kwanza. Mhudumu ashuke garini, ampokee mtoto kwa jina, amkalishe karibu naye wiki ya kwanza, na asiruhusu mlango ufungwe kabla mtoto hajamwona mzazi akipunga mkono. Akifika shuleni, asimshushe mtoto anayelia ndani ya kundi na kuendelea na safari. Amkabidhi kwa mwalimu wake ana kwa ana, na amweleze kwa maneno mawili jinsi asubuhi ilivyokwenda. Inapowezekana, siku 2 au 3 za mwanzo mzazi amlete mwenyewe, gari lianze baadaye, ili mtoto asikabiliwe na mageni mawili kwa siku moja.

Mwalimu mmoja, watoto wengi

Ushauri wote huu unaweza kumchosha mwalimu aliye peke yake darasani. Mwongozo wa Tanzania unataka mwalimu 1 kwa watoto 25 katika darasa la awali, na kila anayezijua shule za umma anajua kwamba madarasa mengi yamepita mbali idadi hiyo. Kumwambia mwalimu mwenye watoto themanini ambembeleze kila mmoja ni kumwonea.

Hata hivyo, wanaolia kwa uchungu hawawi wote, na wanaobaki wakilia baada ya wiki ya pili huwa wachache wanaoweza kutajwa kwa majina. Shule iwagawe wachache hao miongoni mwa watu wazima wote waliopo, ili kila mtoto awe na mtu wake wa kumpokea kila asubuhi, hata kama mtu huyo ni mpishi. Mpishi mwenye moyo, anayemkalisha mtoto kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko mbali na moto, akampa maharage ya kuchambua mpaka atulie, anafanya kazi ya ualimu, na mwalimu mkuu anapaswa kuitambua. Kinachodhuru ni kumzungusha mtoto: leo mwalimu huyu, kesho yule wa zamu, keshokutwa mwanafunzi wa mazoezi, mpaka mtoto aache kutarajia mtu yeyote.

Watoto wakubwa wa darasa hilohilo wanaweza kusaidia pia. Mtoto aliyeanza mwaka uliopita, akipewa jukumu la kumshika mkono mgeni hadi bombani na hadi chooni, hulifanya kwa fahari, na tundu la choo hupungua ukubwa mtu mwingine wa kimo chako akiwa amesimama mlangoni.

Saa ya kuchukuliwa

Ahadi ya asubuhi hutimizwa au huvunjwa mchana, na kwa sababu hiyo saa ya kuondoka ni sehemu ya kumpokea kesho. Mtoto aliyeambiwa “baada ya wali”, akamaliza wali, akaona wenzake wakiondoka mmoja mmoja mpaka amebaki na mlinzi, atakumbuka hayo getini asubuhi inayofuata. Wiki ya kwanza mzazi aombwe afike mapema kidogo kuliko wengine. Akichelewa, mwalimu asikae kimya akiangalia saa. Amweleze mtoto kwamba mama amepiga simu na yuko njiani, ikiwa kweli amepiga, na abaki naye mpaka afike.

Watoto wengi, mchana mama anapotokea, hulia upya, na mzazi huona kwamba siku nzima ilikuwa ya mateso. Mwalimu amweleze kwamba kilio hicho mara nyingi ni cha mtoto aliyejikaza kwa saa nyingi na sasa amempata mtu anayeweza kulegea mbele yake. Amsimulie pia tukio moja mahususi la siku, kwamba alimaliza uji wote au alimsukuma mwenzake kwenye bembea, kwa kuwa maneno “alikuwa mzuri tu” hayamsaidii mzazi kuendeleza mazungumzo nyumbani.

Kilio kisichopungua, na mtoto asiyelia

Kwa watoto wengi kilio cha getini hupungua ndani ya wiki chache, huku kikirudi baada ya likizo, ugonjwa au Jumatatu yenye mvua. Kipimo kinachofaa ni muda wa kutulia baada ya mzazi kuondoka. Mtoto anayelia kila siku lakini akatulia baada ya dakika tano na kucheza anaendelea vizuri, hata kama mlangoni kelele zake ni zilezile. Mwalimu aandike kwenye daftari la mahudhurio alama ndogo ya muda huo, kwa sababu macho yaliyochoka hayaoni kwamba nusu saa ya Januari imekuwa dakika kumi mwezi wa Februari.

Wataalamu wa afya ya akili huanza kufikiria tatizo linalohitaji msaada wao pale hofu ya kutengana inapokuwa kubwa kupita umri wa mtoto na kudumu kwa wiki 4 au zaidi, ikiambatana na dalili kama kukataa kula shuleni, kutapika au kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule tu, ndoto mbaya za kutengana, au kurudia kujikojolea. Kabla ya kufika huko, mwalimu ajiulize pia kama kuna jambo shuleni lenyewe linalomtisha mtoto, na asiliondoe swali hilo kwa haraka. Mtoto aliyezoea na kufurahi miezi miwili, kisha ghafla akaanza kumkimbia mtu fulani, chumba fulani au gari fulani, huenda anaeleza jambo ambalo hana maneno ya kulisema, na wajibu wa shule ni kumsikiliza mtoto na kumwarifu mzazi siku hiyohiyo, hata kama anayekimbiwa ni mfanyakazi anayeheshimiwa.

Na yupo mtoto asiyelia kabisa, ambaye husifiwa kwa sababu hasumbui. James Robertson, mfanyakazi mwenza wa Bowlby, alitoa mwaka 1952 filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa hospitali London kwa siku 8 bila wazazi wake kukaa naye, na kutokana na uchunguzi wao wakaeleza hatua tatu ambazo mtoto aliyetenganishwa kwa muda mrefu anaweza kuzipitia: kupinga kwa kilio, kisha kukata tamaa, kisha kujitenga na watu kana kwamba hajali tena. Siku moja ya chekechea si kulazwa hospitali, na watoto wengi wasiolia wametulia kweli. Lakini mwalimu amwangalie yule anayekaa pembeni na begi mgongoni asubuhi nzima, asiyegusa uji, asiyelia akianguka, na asiyeinua macho mama anapotokea mchana. Huyo anahitaji mtu wake wa kumpokea kama anavyomhitaji yule anayepiga kelele, na mwalimu aanze kwa kuketi karibu naye mkekani bila kumuuliza maswali, kila asubuhi, mahali palepale, mpaka siku atakapolivua begi.